Mgonjwa wa Maonyesho

Nchi hii sitaitaja jina. Si kwa woga. Ni kwamba wenyeji wanaijua, na mgeni hachelewi kuijua, maana akishuka tu kwenye ndege kitu cha kwanza kumlaki ni ving'ora. Nchi yetu ina magari mengi ya wagonjwa kuliko majirani zetu wote wakijumlishwa. Tumepewa vikombe kwa jambo hilo. Wataalamu wamesafiri kutoka mbali kuja kutuuliza tumewezaje, na Serikali, kwa unyenyekevu wake wa kawaida, imewajibu kwamba ni uongozi bora.

Mimi ni mkazi wa Bondeni na nimeyaona mambo tangu mwanzo, kwa hiyo naweza kueleza zaidi kidogo.

Jiji letu lilikua haraka. Watu walitoka vijijini kwa sababu vijijini hakukuwa na hospitali, wakaja mjini ambako hospitali ipo. Walipofika wakakuta imehama. Zamani ilikuwa Bondeni, jirani na soko, lakini Wizara iligundua kwamba mgonjwa anahitaji hewa safi, na hewa safi ilikuwa imekwisha kuhamia kilimani, mahali paitwapo Upepo Mwanana, pamoja na wizara zote. Basi hospitali ikaifuata hewa. Taka za jiji, kwa kuwa haziwezi kupanda mlima zenyewe, zikateremshwa Bondeni na kuchomwa huko kila siku, kwa ratiba. Wagonjwa wakaachwa palepale walipokuwa. Wizara haikuona sababu ya kuwasumbua.

Barabara ya kwenda kilimani ni moja, nayo hupita Bondeni. Wakubwa hulala nje ya mji, kwenye majumba yenye bustani, na kila asubuhi hupita kwetu kwenda kazini. Sheria ilisema kila gari lipishe gari la wagonjwa. Mkubwa wa kwanza kuisoma sheria hiyo kwa makini alinunua gari la wagonjwa. Wa pili alinunua mawili, moja lake na jingine la kupelekea watoto shule. Kufikia mwaka ninaousimulia, foleni ya asubuhi ilikuwa ya magari ya wagonjwa matupu, yote yakilia, yote yakidai kupishwa, na hakuna hata moja lililojua limpishe nani.

Bondeni nasi tulikuwa na letu. Chama chetu cha kuzikana kilichoka kuzika, kikanunua gari kuukuu lililokuwa la kusambazia mikate. Ubavuni tulichora msalaba mwekundu, lakini rangi ilituishia, kwa hiyo picha ya mkate iliendelea kuonekana nyuma yake. Ndani tuliweka godoro na mtungi mmoja wa oksijeni. Dereva alikuwa Lugome, mtu mrefu, mpole, ambaye hata kwenye foleni ya saa nzima hakuwahi kutukana.

*

Mashavu alikuwa akikaanga mihogo kando ya barabara hiyo. Wateja wake walikuwa haohao waliokwama: mkono wenye saa ya dhahabu ulitoka dirishani mwa gari la wagonjwa, ukapokea muhogo wenye pilipili na chumvi, ukarudi ndani. Moshi wa magari ulimjia kwa mbele, moshi wa jaa ulimjia kwa nyuma, na moshi wa jiko lake mwenyewe ukampata katikati. Alikuwa na pumu. Siku alipoletwa mjini kuolewa hakuwa nayo. Aliipatia hapa, kama wengine wanavyopatia hapa kazi.

Mumewe alikuwa mkoani, akijenga barabara nyingine. Mashavu alibaki na mama mkwe wake, Bi. Kisa, mwanamke mfupi mwenye sauti nene, ambaye katika maradhi yote ya dunia alikataa moja tu, pumu.

"Sisi tumepikia kuni tangu utotoni na hatukukohoa," alizoea kusema, tena kwa jirani, ili mkwewe asikie. "Huko ni kudeka. Mtu akichoka kazi, anashika kifua."

Asubuhi ya Mkutano Mkuu wa Afya Mijini kwa Wote, upepo haukuvuma kabisa. Moshi wa jaa ulilala juu ya mapaa na haukutaka kuondoka. Mashavu alikuwa akigeuza mihogo kwenye karai, akaacha. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, mabega yakaanza kupanda na kushuka. Akachukua kichupa chake cha dawa ya kuvuta, akakitikisa, akakibana mdomoni. Hakikutoa kitu.

"Mihogo inaungua," alisema Bi. Kisa. "Unamngoja nani aigeuze?"

Mashavu alitaka kujibu. Mdomo ulifunguka, maneno hayakuja. Akamwangalia mama mkwe wake, na Bi. Kisa, aliyekuwa tayari na neno jingine, akalimeza. Baadaye alituambia kwamba macho yale hayakuwa ya mtu anayedeka. Yalikuwa macho ya mtu anayezama, na pale hapakuwa na maji.

Tulikimbilia zahanati yetu ndogo. Ilikuwa imefungwa. Mlangoni palibandikwa tangazo kwamba wahudumu wote wamekwenda mkutanoni kujaza viti. Basi Lugome akaita watu wawili, wakamlaza Mashavu kwenye godoro, wakampachika kinyago cha oksijeni usoni, na Bi. Kisa akapanda nyuma naye, mikono bado ina unga na mafuta.

"Haraka, baba," alimwambia Lugome. "Haraka, tafadhali."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Bi. Kisa akisema tafadhali.

*

Yaliyotokea barabarani nayaeleza kama nilivyoelezwa na Lugome, na Lugome si mtu wa kuongeza chumvi.

Waliingia kwenye foleni wakakwama. Mbele ving'ora, nyuma ving'ora. Kushoto kwao, katika gari jeupe linalong'aa, bwana mmoja alikuwa amelala kitandani akinyolewa ndevu. Kulia, mama mmoja aliyefungwa bendeji mpya kichwani alikuwa akipakwa rangi ya kucha. Lugome alishusha kioo, akatoa kichwa nje.

"Jamani, nina mgonjwa!"

"Hata sisi," alijibu kinyozi.

Mwishowe akatokea trafiki, Sajini Kabelege, akipita kati ya magari na kipaza sauti. Siku hizo lilikuwa limetoka agizo jipya la kuondoa utata barabarani. Anayeumwa zaidi apite kwanza. Na kwa kuwa trafiki si daktari, anayeumwa zaidi atambuliwe kwa sauti.

Sajini alisogea kwenye gari la bwana wa ndevu. Yule bwana akamsukuma kinyozi pembeni, akafumba macho, akapiga yowe ambalo Lugome anasema lilimsimamisha nywele. Sajini aliitikia kwa kichwa kwa heshima.

"Mkurugenzi wa Mipango Miji," alimweleza Lugome. "Huyu hulia vizuri sana. Amehudhuria semina."

Kisha akaja kwenye gari letu. Akautazama msalaba, akautazama mkate.

"Hili ni gari la mikate."

"Lilikuwa, afande. Sasa nina mgonjwa wa pumu, hali yake mbaya. Tupishe."

Sajini aliinamia dirisha la nyuma, akatega sikio. Mashavu alikuwa amekaa nusu, ameegemea kifua cha Bi. Kisa. Misuli ya shingo ilikuwa imesimama, midomo imeanza kuwa na rangi ya kijivu. Kile kifua kilichokuwa kikipiga miluzi tangu Bondeni sasa kilikuwa kimenyamaza.

"Hasikiki," alisema Sajini.

"Hana pumzi ya kulia nayo!" alisema Lugome.

"Ndiyo, lakini hasikiki. Nitaandika nini? Yule Mkurugenzi anasikika hadi sokoni. Nikimpitisha huyu wenu, wataniuliza."

Bi. Kisa akafungua kinywa, akapiga ukelele. Ulikuwa ukelele wa kweli, uliotoka tumboni, na kwa muda mfupi ving'ora vyote vilionekana vidogo. Sajini alirudi nyuma hatua moja.

"Mama, wewe unaumwa wapi?"

"Namlilia huyu! Namlilia mwanangu!"

"Basi haihesabiki," alisema Sajini, na Lugome anaapa kwamba alisema kwa huzuni. "Kulia kwa niaba ya mwingine kumekatazwa. Mgonjwa alie mwenyewe."

Akaenda kumfungulia njia Mkurugenzi, ambaye alisogea mbele kidogo, akakwama tena nyuma ya Katibu wa Michezo.

*

Lugome alitazama kipimo cha mtungi. Mshale ulikuwa umeingia kwenye sehemu nyekundu. Alizima injini, akashuka, akaanza kupita gari kwa gari akigonga milango.

"Naomba oksijeni! Mwenye oksijeni anisaidie!"

Katika gari la kwanza, mahali pa mtungi palikuwa na jokofu la soda. La pili lilikuwa na makochi na redio kubwa. Katika la tatu kulikuwa na mtungi kweli, lakini wa gesi ya kupikia, na juu yake chai inachemka. Wenye gari wakamkaribisha kikombe. Aliendelea kugonga, sauti imeanza kumkauka, hadi akafika kwenye gari refu jeusi na jeupe lenye bendera. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Ndani, umesimama wima ukiwa na utepe wa rangi za taifa, mtungi mpya wa oksijeni, mkubwa, uliojaa pomoni. Kando yake aliketi Mheshimiwa Dakta Injinia Fulgence Tumbuizo, Naibu Waziri wa Afya na Mandhari ya Miji, akijisomea hotuba kwa sauti.

"Mheshimiwa, nina mgonjwa nyuma pale, mtungi wetu unakwisha. Nakuomba huo."

Mheshimiwa aliinua kidole kuomba amalizie sentensi. Alipoimaliza akasema kwa upole:

"Ndugu yangu, umefika mahali sahihi. Serikali yako inakusikia. Huu mtungi ni wako. Ni wa wananchi wote."

"Asante, Mheshimiwa!" Lugome akaunyoshea mkono.

"Ndiyo maana siwezi kuutoa," alisema Mheshimiwa, na msaidizi wake, kijana aliyevaa tai nyembamba, akakaa mbele ya mtungi. "Unakwenda kwenye maonyesho ya mkutano. Wageni wa kimataifa wanakuja kuona kwamba katika nchi hii oksijeni ipo kwa kila mtu. Nikikupa wewe, nitawaonyesha nini? Watasema haipo. Utakuwa umelitia taifa aibu kwa ajili ya mtu mmoja."

Lugome akashusha mkono. Akageuka. Akaona kati ya magari Bi. Kisa anakuja, anaburuta miguu, amembeba Mashavu mgongoni kama mtu anavyombeba mtoto, na watu wawili waliotoka kwenye magari mengine wakimshikilia. Mtungi wetu ulikuwa umekwisha. Kichwa cha Mashavu kilikuwa kimelala begani kwa mama mkwe wake.

Bi. Kisa aliuona mtungi wenye utepe. Lugome akamweleza kwa maneno machache alichojibiwa. Hakulia tena. Alisimama pale, akihema, akautazama ule mtungi kama anayepima samaki sokoni.

"Mheshimiwa," alisema, "huo mtungi wageni wataujuaje kama una kitu ndani?"

"Umeandikwa."

"Kuandika si kazi. Wao si wajinga. Wataona chuma kilichofungwa utepe. Watadhani ni gesi ya kupikia."

Mheshimiwa alikunja uso. Msaidizi naye alikunja uso.

"Mpe mtu avute," alisema Bi. Kisa. "Mbele yao. Wakione kifua kinapanda na kushuka. Huyu hapa. Kijana, maskini, wa Bondeni. Utapata wapi mwingine saa hizi?"

Mashavu alitoa sauti ndogo, kama ya mlango wa mbali. Mheshimiwa Tumbuizo alimtazama kwa mara ya kwanza, kisha akamtazama msaidizi wake, na uso ukamchanua.

"Mgonjwa wa maonyesho," alisema taratibu. "Mgonjwa halisi! Kwa nini Wizara haikulifikiria hili?"

Wakampakia. Msaidizi akakata utepe, akahangaika na vali bila kujua inafunguka upande gani, hadi Lugome alipomsogeza na kuifungua mwenyewe. Hewa ikapita. Bi. Kisa alishika kinyago usoni mwa Mashavu kwa mikono yake miwili, na hakuna aliyethubutu kumwambia aondoe.

Dakika hiyohiyo zikafika pikipiki za msafara kumfuata Mheshimiwa, maana mkutano ulikuwa unamsubiri. Polisi wakayapiga magari virungu ubavuni, magari yakabanana kando, na njia ambayo haikuwepo asubuhi nzima ikapatikana. Lugome alipanda bila kuulizwa. Gari la mikate likabaki barabarani na milango wazi.

*

Walipanda kilima kwa kasi. Lango la Hospitali Kuu likatokea upande wa kulia. Bi. Kisa akainuka.

"Hapo! Tumefika! Simamisha!"

Lango likapita.

"Hospitali ile!" Alipiga kioo kwa ngumi. "Mnatupeleka wapi?"

"Mama, ratiba haina kituo hapo," alisema msaidizi. "Halafu usijali. Madaktari wote wako mkutanoni. Ukishuka hospitali utamkuta mlinzi."

Ukumbi wa Fahari ulikuwa na baridi ya mashine na maua kila mahali. Mashavu akawekwa jukwaani kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, kati ya shada kubwa la maua na meza iliyopangwa dawa: dawa za sindano, za kuvuta, za maji, na mashine ya kupulizia mvuke ambayo Bondeni tuliisikia kwa jina tu. Zote zilikuwa zimefunikwa na karatasi ya nailoni inayong'aa, na mbele yake utepe, unaosubiri mkasi wa Mgeni Rasmi. Mgeni Rasmi alikuwa bado njiani. Kwenye foleni.

Mshereheshaji aliwataka wajumbe wamkaribishe "mwakilishi wa wakazi wa kipato cha chini." Ukumbi ukapiga makofi. Lakini oksijeni peke yake haikutosha. Njia za hewa zilikuwa zimejibana, na Mashavu alikuwa amechoka. Kila pumzi aliivuta kama anavyovuta maji mtu kwenye kisima kirefu. Macho yakaanza kufunga. Bi. Kisa alipiga magoti mbele yake.

"Usilale. Mashavu! Niangalie mimi. Nitukane ukitaka, lakini usilale."

Katika safu za nyuma akasimama mwanamke aliyevaa miwani, Daktari Atupele wa Hospitali Kuu, aliyeamriwa kama wenzake kuja kujaza viti.

"Samahani," alisema kwa sauti. "Yule mgonjwa ana hali ya hatari."

"Asante sana, Daktari," alisema mshereheshaji. "Maswali na maoni tutayapokea baada ya chai."

"Si swali. Yule mtu anakufa."

"Na hayo pia baada ya chai."

Daktari Atupele alitazama kulia na kushoto, akawaona wenzake wote wanaoujua ukweli wakitazama viatu vyao. Akatoka kwenye safu. Hakukimbia mwanzoni, alitembea, kama mtu anayekwenda msalani asitake kuonekana. Kisha kichwa cha Mashavu kikaanguka mbele, na daktari akakimbia.

Msaidizi wa Mheshimiwa akamzuia mbele ya meza. "Hizi haziguswi! Mgeni Rasmi hajakata utepe!"

Bi. Kisa alisimama, akamkumbatia yule kijana kiunoni kwa nyuma, akamwinua. Wanaomjua Bi. Kisa hawakushangaa, amebeba magunia sokoni nusu ya maisha yake. Kijana alipiga mateke hewani. Daktari Atupele alikata utepe, akachana nailoni, akatafuta, akapata, akavunja kichupa, akachoma sindano. Akaiwasha mashine, akambadilishia Mashavu kinyago, akaweka kidole kwenye mshipa wa mkono wake, akainamisha kichwa.

Ukumbi ulinyamaza. Ukumbi ule, Lugome anasema, haujawahi kunyamaza hivyo, hata wakati wa dua. Ilisikika mashine tu ikivuma. Bi. Kisa alikuwa bado amemshika kijana na amesahau kumshusha.

Muda ukapita. Daktari akamchoma tena. Muda mwingine ukapita. Halafu kutoka kifuani mwa Mashavu ukatoka mluzi, mwembamba, mbaya, na daktari akafumba macho akasema, "Haya. Haya, dada. Endelea." Mluzi ukafuatwa na mwingine. Kifua kikapanda. Midomo ikarudiwa na damu, taratibu.

Mashavu alifungua macho, akaona maua, taa, na watu waliovaa suti.

"Mama," alisema. "Mihogo..."

"Imeungua, mwanangu," alisema Bi. Kisa, akalia kama mtoto. "Iache iungue."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wageni wa kimataifa walisimama; hawajawahi, walisema, kuona onyesho lililoandaliwa kwa ustadi namna ile. Mheshimiwa Tumbuizo akachukua kipaza sauti, akaishukuru Wizara kwa kumfufua mwananchi huyu, na akatangaza kwamba pengo la afya kati ya kilima na bonde limezibwa rasmi, leo, mbele ya mashahidi.

Daktari Atupele akapewa onyo kwa kukata utepe usiokuwa wake.

*

Mashavu alilazwa, akapona, akarudi Bondeni. Daktari alimwambia asikae tena karibu na barabara ile wala jaa lile, akamwuliza kama ana mahali pengine pa kuishi, kisha akaomba radhi kwa kuuliza. Bi. Kisa alihamisha meza ya mihogo, akaisukuma mwenyewe hadi nyuma ya nyumba, akawa anakaanga yeye. Kila alipomsikia mkwewe akikohoa aliacha kila kitu.

Kabla ya mkutano wa mwaka uliofuata, alikuja yule msaidizi wa tai nyembamba. Alikaribishwa kigoda, akakikagua, akaamua kusimama.

"Mheshimiwa anawasalimu. Anaomba dada Mashavu awepo tena. Tutamfuata kwa gari." Akamtazama Mashavu, akaonekana kusikitika. "Ila naona amenawiri. Mheshimiwa angependa asipone sana kabla ya tarehe."

"Na akipona?" aliuliza Bi. Kisa.

"Tutamchukua mwingine. Bondeni wapo."

Kutoka nyumba ya jirani mtu alikohoa. Kutoka ya pili yake mwingine akaitikia. Bi. Kisa na Mashavu walitazamana.

"Wapo," alisema Mashavu. "Mwambie Mheshimiwa asihangaike na gari. Tutakuja."

Siku ya mkutano, alfajiri, tulitoka. Safari hii sikusimuliwa na mtu, nilikuwemo. Walikuja wenye pumu, wenye vifua, wenye sukari, wajawazito waliovimba miguu, wenye homa za maji machafu. Wasioweza kutembea tuliwapakia kwenye mikokoteni ya sokoni. Tulipita kwa miguu kati ya magari ya wagonjwa yaliyokuwa yakilia, na Sajini Kabelege alipouliza tumeagizwa na nani, Bi. Kisa alimwambia kwamba sisi ni maonyesho. Sajini akapiga saluti.

Kilima kile ni kirefu. Mbele ya lango la Hospitali Kuu, Mzee Songoro, fundi cherehani ambaye nusu ya Bondeni imevaa kazi ya mikono yake, aliomba tupumzike. Alikaa chini, akaegemea ukuta. Tulipomwita tuendelee hakuitika. Mashavu alivua khanga yake ya juu akamfunika. Hakuna aliyesema turudi. Tukamweka kwenye mkokoteni, tukasukuma.

Ukumbini tulifika kabla ya Mheshimiwa na kabla ya Mgeni Rasmi. Madaktari walikuwa tayari kwenye viti vyao, na dawa mezani. Msaidizi alikuja mbio, akatuona tulivyo wengi, akaukuta mkokoteni wa mbele.

"Huyu ni maonyesho ya nini?"

"Huyu si maonyesho," alisema Bi. Kisa. "Huyu ni Songoro."

Daktari Atupele ndiye aliyesimama kwanza. Safari hii hakusimama peke yake. Wenzake walivua makoti ya suti, mmoja baada ya mwingine, wakateremka kwetu. Nailoni ikachanwa mezani. Ukumbi ule wa maua ukawa hospitali asubuhi yote, na mimi mwenyewe nilitibiwa jicho nikiwa nimekaa kiti chenye jina la balozi. Mheshimiwa Tumbuizo alipofika, foleni ilipomwachia, meza ilikuwa tupu na tulikuwa tunamwosha Mzee Songoro kwenye chumba cha wageni mashuhuri.

Tulimzika jioni ile. Serikali ilitoa taarifa kwamba mkutano ulivunja rekodi ya mahudhurio. Iliongeza kwamba mkutano wa mwaka ujao, kwa sababu za kiusalama, utafanyika ng'ambo.

Taarifa hiyo tuliisikia redioni tukiwa tumekaa nje kwa Bi. Kisa, tukila mihogo. Mashavu alikuwa ndani akikohoa, si sana. Bi. Kisa alisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono.

"Lugome, baba," alisema. "Huko ng'ambo kuna njia ya miguu?"

Hakuna aliyecheka. Lugome alisema hajui, lakini ataulizia.